Mafundi wa Mteremko

Anayetaka kuujua ufundi wa maji katika nyanda za juu za Mbulu asiutafute penye bomba. Asubiri mvua kubwa ya Machi ipite, kisha asimame chini kabisa ya shamba la mtu, pale shamba linapoishia na njia ya ng'ombe inapoanza, atazame maji yanayotoka. Kwa mkulima asiyejali yatatoka mengi, mekundu, yenye haraka. Kwa fundi yatatoka machache, yametulia, na ukiyakinga kiganjani utaiona ngozi yako chini yake. Mengine yote yamebaki kule juu: kwenye matuta, kwenye mashina ya migomba, ndani ya udongo uliolishwa samadi, na siku hizi ndani ya simtanki lililosimama pembeni ya jiko. Hayo yaliyobaki ndiyo yatakayoivusha familia hadi mvua nyingine.

Nataka kukaa kidogo na kazi ya watu hawa, kwa sababu inasifiwa mara chache na hailipwi kabisa. Zipo nchi ambako mwenye nyumba anayebadili ua wake ili utumie maji kidogo hurudishiwa sehemu ya gharama na mamlaka ya maji. Nitafika huko. Lakini kwanza kazi yenyewe, maana huwezi kupanga bei ya kitu usichokijua.

Maji ya huku hayana bahari. Mbulu na Hanang zimo katika Bonde la Kati, lile ambalo mito yake huishia huko huko bara: Ziwa Manyara, Ziwa Eyasi, Balangida, au mbuga za Bahi. Tone likishashuka ukuta wa Bonde la Ufa linakwenda kuchanganyika na magadi, na hapo limekwisha kazi kwa mkulima. Mvua huanza Novemba au Desemba, hupumua kidogo, hurudi kwa nguvu, huisha Mei. Kuanzia Juni hadi Oktoba ni ukame wenye baridi na upepo. Kwa hiyo kila boma, liwe Kainam, Dongobesh, Haydom au kwenye miteremko ya Mlima Hanang, lina hesabu moja ya kufanya: maji yanakuja kwa miezi sita, maisha ni ya miezi kumi na miwili.

Wairaqw, ambao wengi huwaita Wambulu, walianza kuifanya hesabu hiyo zamani sana katika eneo la Kainam na vilima vinavyolizunguka, kwenye mwinuko wa karibu mita 2,000. Nyumba yao ya asili ilichimbwa ubavuni mwa kilima. Ukuta wa nyuma ulikuwa mlima wenyewe, na paa lilikuwa tambarare la udongo lililolazwa juu ya magogo, hata mgeni anayeshuka kutoka juu angeweza kulikanyaga kabla hajajua kwamba amefika kwa watu. Nyumba ya namna hiyo haivumilii makosa ya maji. Mtu akishaamua kuishi ndani ya mteremko, hana budi kujua kila njia ambayo mvua itapita, na kuigeuza kabla haijafika mlangoni. Mtaro wa juu ya nyumba ndio ulikuwa shule ya kwanza, na hadi leo, nyumba zikiwa zimekwisha kuwa za tofali na bati, mtaro huo upo.

Uangalie mtaro wa fundi. Hauendi moja kwa moja kuteremka, hata kama huko ndiko karibu. Umelazwa kimshazari, karibu sawa na mlalo wa kilima, kwa mwinamo mdogo kiasi kwamba maji yanatembea badala ya kukimbia. Mwisho wake si barabarani wala kwa jirani, bali kwenye shimo la migomba, au kwenye mstari wa mabingobingo, yale majani marefu ya kulishia ng'ombe. Maji yaliyokuja kuibomoa nyumba yanageuzwa kuwa chakula cha ng'ombe, na ng'ombe huyo ndiye anayefuata katika mpango huu.

Katika kilimo cha Mbulu ng'ombe alikaa ndani, chini ya paa moja na watu, na sababu si baridi peke yake. Ng'ombe aliyelala nje huacha samadi yake njiani na malishoni. Aliyelala ndani huiacha mahali ambapo jembe linaweza kuifikia. Kila siku zizi linafagiliwa, samadi inarundikwa, inaiva, kisha kabla ya mvua inabebwa kwenda shambani. Wanaobeba ni wanawake kwa sehemu kubwa, kwa vikapu na ndoo, kichwani na mgongoni, kupanda na kushuka. Mashamba yaliyo karibu na nyumba ndiyo yanayoshiba zaidi, na ndiyo meusi zaidi. Ukisimama kilima cha pili unaweza kuona umbali ambao samadi imefika kwa kuangalia rangi ya udongo peke yake.

Watu wengi wanadhani samadi ni chakula cha mahindi tu. Fundi anajua kwamba samadi ni ghala la maji. Udongo uliokufa hupigwa na mvua ukafunga uso wake, maji yakateleza juu yake kama yanavyoteleza kwenye sakafu. Udongo wenye samadi na mabaki ya mimea una vinyweleo. Unafungua mdomo, unameza, unashikilia. Shamba lililolishwa kwa miaka ishirini linaweza kukaa majuma kadhaa bila mvua na mahindi yake yakabaki kijani, ilhali la jirani, lenye mbegu ileile na lililopandwa siku ileile, limeshajikunja majani. Hakuna dawa ya dukani inayofanya kazi hiyo. Chupa ya kuupa udongo uhai haijatengenezwa.

Kisha matuta. Hapa ndipo mkono wa Mbulu unaponivutia zaidi. Msimu ukiisha, magugu na mabua hayachomwi. Yanalazwa kwenye mfereji uliopo kati ya matuta ya mwaka uliopita, kisha tuta la zamani linapasuliwa katikati na udongo wake unavutwa kuyafunika. Mahali palipokuwa mfereji panakuwa tuta, palipokuwa tuta panakuwa mfereji. Ndani ya tuta jipya kuna majani yanayooza polepole, yanayonyonya maji ya mvua za kwanza na kuyaachia mizizi baadaye. Matuta yenyewe yanakatiza mteremko, na kila mfereji unakuwa bwawa jembamba. Wamatengo wa Mbinga, kule Ruvuma, wana mashimo yao ya ngoro yanayofanana na haya kwa wazo, ingawa kwa umbo ni tofauti: makabila mawili yaliyokaa mbali, hayajawahi kuulizana, yakafikia jibu moja la kuzika nyasi ili zitunze maji.

Kazi hiyo ni nzito kwa mtu mmoja, na desturi iliipunguza kwa kuifanya kuwa ya wengi. Majirani waliitana, wakalima kwa mzee huyu leo na kwa mama yule kesho, na mwenye shamba akatengeneza pombe. Katika mabonde kati ya vilima walichimba mifereji ya kupunguza maji yaliyotuama, wakapanda viazi vitamu na mahindi ya kiangazi wakati mashamba ya juu yamelala. Chemchemi ziliachiwa miti yake. Katika imani ya Wairaqw wapo roho wanaokaa kwenye maji, na mtu hakwenda kufyeka pale bila hofu. Mtu anaweza kuamini roho hao au asiamini. Miti ile ilibaki, na chemchemi zake nazo zikabaki.

Wasomi wamekuja kuitazama kazi hii mara kadhaa. Robert Thornton alichapisha mwaka 1980 kitabu juu ya namna Wairaqw wanavyoipanga nchi na wakati. Mwaka 2004 Lowe Börjeson wa Chuo Kikuu cha Stockholm alitoa utafiti mzima juu ya historia ya kilimo hiki cha Mbulu. Kwa miaka mingi maelezo yaliyozoeleka yalikuwa kwamba Wairaqw walibanwa kilimani na Wamaasai waliotawala nyika, wakakosa pa kwenda, ndipo wakalazimika kulima kwa bidii namna hiyo. Börjeson aliyahoji maelezo hayo. Alionyesha jinsi mashamba haya yalivyojengeka kidogokidogo, kila msimu ukiongeza juu ya uliotangulia, kazi ya kawaida ya kulima ikiacha nyuma yake shamba bora kuliko lililokuwapo. Nakubaliana naye kwa moyo wote. Maelezo ya kubanwa yanamfanya mkulima aonekane mfungwa wa shida. Ukikaa na mtu anayepasua tuta, ukaona anavyosita, anavyoinama kutazama kina, anavyorudi hatua mbili nyuma kusawazisha pale maji yangekatia, unajua kwamba njaa peke yake haifundishi hivyo. Huo ni uhodari, na mwenye nao anaufurahia.

Zamani mlalo wa kilima ulipimwa kwa jicho, na wako wazee ambao jicho lao bado halikosei. Siku hizi, kwa makinga maji makubwa, mafundi wengi hutumia fremu yenye umbo la A, na kifaa hicho kinastahili kuelezwa kwa utaratibu kwa sababu hakigharimu chochote. Unakata fito mbili zilizo sawa, za mita mbili hivi. Unazifunga juu, unazitanua chini, unapigilia ya tatu katikati zisichezecheze. Kutoka kileleni unaning'iniza kamba yenye jiwe. Kisha unaisimamisha fremu, unaweka alama ardhini ilipo miguu yake, na alama kwenye fito ya katikati pale kamba inapokatiza. Unaigeuza, mguu wa kushoto ukae ulipokuwa wa kulia, unaweka alama ya pili. Katikati ya alama hizo mbili ndipo penye usawa. Kuanzia hapo unatembea na fremu kukatiza shamba, mguu mmoja ukibaki na mwingine ukitafuta, hadi kamba itulie kwenye alama; unachomeka kijiti, unasonga. Ukifika mwisho na kutazama nyuma, vijiti vimechora mstari uliopinda mahali ambapo jicho lako lingeapa kwamba umenyooka. Mstari huo ndio utakaochimbwa.

Ukichimba na kutupa udongo upande wa juu umefanya fanya juu, neno ambalo wataalamu wa udongo wa dunia nzima wamelichukua kutoka kwetu bila kulitafsiri. Ukitupa chini ni fanya chini, rahisi kwa mgongo lakini polepole kwa matokeo. Mfereji huwa na upana na kina cha sentimita 60 hivi. Juu ya ukingo wake hupandwa mabingobingo au majani ya Guatemala, ambayo mizizi yake inaufunga udongo na majani yake yanarudi zizini. Mwaka wa kwanza shamba linaonekana limepoteza nafasi. Mwaka wa tatu au wa nne udongo uliokuwa ukishuka umejikusanya nyuma ya ukingo, na mteremko umeanza kuwa ngazi. Fundi hasawazishi kilima kwa jembe. Anaiachia mvua yenyewe imsawazishie, yeye anaikataza tu isipite.

Hanang ni nchi nyingine kidogo. Huko ni nyanda pana chini ya mlima wenye zaidi ya mita 3,400, nchi ya Wabarbaig na ng'ombe wao, na ya Wairaqw waliohamia kutafuta nafasi, pamoja na mashamba makubwa ya ngano ya Basotu na Mulbadaw yaliyoanzishwa kwa msaada wa Kanada kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960. Jembe la kukokotwa na trekta vilifika mapema, na trekta haipendi kupinda. Pale Giting, kwenye miteremko ya Mlima Hanang, Vesa-Matti Loiske alifanya utafiti uliochapishwa mwaka 1995 juu ya mizizi ya mmomonyoko, na aliitafuta mizizi hiyo katika mahusiano ya watu, si katika mteremko peke yake. Ndivyo ilivyo. Ardhi iliyokodishwa kwa msimu mmoja haipati samadi. Asiye na ng'ombe hana cha kubeba. Ufundi unahitaji mtu anayejua kwamba miaka kumi ijayo shamba litakuwa lake.

Lakini huko Hanang nako kuna mkono mzuri. Mbaazi hupandwa katikati ya mahindi. Mahindi yakishavunwa, mbaazi inabaki imesimama kiangazi kizima, mzizi wake ukifuata unyevu uliozama ambao mahindi hayaufikii, na majani yake yakidondoka kuufunika udongo. Ngwara nayo hutandaa chini na kuukinga udongo na jua. Boma lenye ua wa minyaa linakata upepo unaokausha bustani, na minyaa haidai hata ndoo moja ya maji.

Sasa tuingie uani, maana hapa ndipo wenzetu wa nchi nyingine wanapohangaika zaidi. Ua wa boma la kawaida la Mbulu ni udongo ulioshindiliwa na miguu na kufagiliwa kila asubuhi. Hauna ukoka wa kumwagilia. Ugumu wake, ambao mgeni angeuona ni ukavu, unafanya kazi: mvua ikinyesha, ua unakuwa uwanja wa kukusanyia maji, na mwenye nyumba mwerevu ameuinamisha kidogo kuelekea migomba, mti wa parachichi au bustani ya mboga. Maji yaliyooshewa mchele na mboga yanakwenda kwenye mnafu na figiri. Maji ya kufulia, yakishapoa na kupita kwenye mchanga, yanakwenda kwenye migomba. Hakuna tone linalotumika mara moja tu.

Na bati limeongeza jambo ambalo paa la udongo halikuweza. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Bati lenye mita za mraba 60, mvua ikiwa ya milimita 20, linaleta lita 1,200. Toa zinazorukia nje na zinazopotea, simtanki la lita 1,000 linakaribia kujaa kwa mvua moja. Kwa msimu wa milimita 700, hata ukitoa sehemu ya tano, ni zaidi ya lita 33,000, yaani zaidi ya madumu 1,600 ya lita 20 ambayo mama na watoto hawatayabeba kutoka kisimani. Tofauti kati ya bati linalojaza tanki na lisilojaza ni fundi wa gata: ameipa mwinamo wa sentimita moja hivi kwa kila mita, ameshikilia kwa vyuma vya karibu karibu ili isilegee katikati, ameweka wavu mdomoni, na ameacha bomba la pembeni la kupokea maji ya kwanza yenye vumbi na kinyesi cha ndege kabla hajaruhusu yaliyo safi yaingie. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inamruhusu mwenye ardhi kuvuna mvua kwa matumizi ya nyumbani bila kuomba kibali. Kinachomzuia ni bei ya tanki.

Hapo ndipo swali la malipo linapokuja. Huko Las Vegas, mji wa jangwani Marekani, mamlaka ya maji imekuwa tangu mwaka 1999 ikimlipa mwenye nyumba kwa kila kipimo cha eneo anachong'oa ukoka na kupanda mimea ya nchi kavu. Hoja yao ni ya hesabu tu: lita inayookolewa uani kwa mtu ni rahisi kuliko lita inayotafutwa kwenye mto unaokauka. Mwaka 2021 jimbo la Nevada lilikwenda mbali zaidi na kutunga sheria ya kuondoa nyasi za mapambo zisizokanyagwa na mtu. Walijenga kwanza ua unaokunywa maji, halafu sasa wanalipana kuubomoa. Boma la Mbulu halikuwahi kuujenga.

Karibu nasi kuna mifano inayotufaa zaidi. Katika bonde la mto Malewa, juu ya Ziwa Naivasha nchini Kenya, wakulima wadogo walianza mwaka 2010 kupewa vocha za pembejeo kwa kupanda mistari ya majani, kujenga makinga maji na kupanda miti. Waliolipia ni watumiaji wa maji walioko chini ziwani, wakiwamo wakulima wa maua, kwa mpango ulioratibiwa na mashirika ya WWF na CARE. Mfuko wa Maji wa Tana ya Juu na Nairobi, ulioanzishwa mwaka 2015, umekuwa ukiwasaidia wakulima kwa nailoni ngumu ya kutandika kwenye vibwawa vya nyumbani: mkulima anachimba, mfuko unachangia nailoni. Na hapa hapa Tanzania, kwenye milima ya Uluguru, wakulima wa Kibungo Juu walilipwa kwa kujenga matuta ya ngazi na kupanda miti ili mto Ruvu ufike Dar es Salaam ukiwa safi zaidi, na walipaji walikuwa DAWASCO, shirika la maji la jiji hilo, na Coca-Cola.

Uluguru unanigusa kwa sababu moja. Mwaka 1955 Waluguru, wenyeji wa milima hiyo hiyo, walifanya ghasia kupinga matuta ya ngazi waliyolazimishwa na serikali ya kikoloni. Mlima ni uleule, jembe ni lilelile. Kilichobadilika ni kwamba safari ya pili mtu aliyechimba alihesabiwa kuwa ametoa huduma, na huduma ina bei.

Mbulu yenyewe inajua malipo ya namna hiyo. Katika Bonde la Yaeda, Wahadzabe wamekuwa kwa zaidi ya miaka kumi wakipokea fedha za hewa ukaa kwa kuutunza msitu wao, kupitia kampuni ya Carbon Tanzania. Kwa hiyo hakuna anayeweza kusema kwamba wilaya hii ni ya mbali mno, au kwamba kazi ya kuhifadhi haiwezi kupimwa na kulipwa huku.

Nchi yetu inajua pia kutoa ruzuku. Tuliwahi kuwa na vocha za pembejeo, zilizoanza msimu wa 2008/09, zikatufundisha mengi, pamoja na namna zinavyoibwa. Tangu msimu wa 2022/23 tuna mbolea ya ruzuku inayotolewa kwa mkulima aliyesajiliwa, kwa namba yake. Mashine ya kumtambua mkulima ipo. Lakini inamtambua anaponunua. Mfuko wa mbolea uliotoka dukani unapunguziwa bei. Kikapu cha samadi kilichopanda kilima kwenye mgongo wa mama wa Kainam hakimo katika hesabu yoyote. Serikali inajua kupunguza bei ya kitu kilichotengenezwa kiwandani, haijajifunza kuheshimu kitu kilichotengenezwa kwa mkono, hata pale cha mkono kinapotunza maji na cha kiwandani hakitunzi. Hili naliona ni kosa, na linarekebishika.

Ni la haraka pia, kwa sababu ufundi huu hauna ulinzi wowote zaidi ya wenye nao. Tembea leo katika mitaa mipya ya Mbulu mjini au Katesh uone nyumba nzuri zenye pevingi kutoka ukuta hadi ukuta, na kipande cha ukoka kinachomwagiliwa kwa mpira mwezi wa Septemba. Mvua ikinyesha, ua wote unamwaga maji yake barabarani kwa dakika chache, na jirani wa chini anayapokea. Vijana waliojenga nyumba hizo wamezaliwa na watu waliojua kuligeuza kila tone. Hawakuukataa ufundi wa wazazi wao. Hakuna aliyewaambia kwamba una thamani.

Sidai kwamba makinga maji yanaweza kila kitu. Tarehe 3 Desemba 2023 tope na mawe vilishuka kutoka Mlima Hanang hadi Katesh na vijiji vya jirani, na watu zaidi ya 80 wakapoteza maisha. Kilichotokea siku ile kilianzia juu mlimani, na hakuna mtaro wa uani ambao ungekizuia. Naikumbuka siku hiyo hapa kwa heshima ya waliokufa, na kwa sababu baada yake hakuna mtu Hanang anayeweza kuyachukulia maji ya mteremko kama jambo dogo.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa halmashauri za Mbulu na Hanang, kwa wakala wa maji vijijini, RUWASA, na kwa Bodi ya Maji ya Bonde la Kati. Chagueni kata moja katika kila wilaya. Mwenye boma aliyechimba mtaro wa juu, akafunga shamba lake kwa makinga maji na majani, akalisha udongo wake samadi, apewe vocha ya nusu bei ya tanki, gata au nailoni, aitumie kwenye duka la pembejeo la karibu. Ukaguzi wasifanye wageni wenye magari. Wapewe wazee na akina mama wa kitongoji, ambao wanajua mvua ikinyesha nani anamwagia nani maji, na wakague wakati wa mvua, siyo kwenye karatasi. Fedha zisitolewe kabla ya kazi. Mjane na asiye na ng'ombe wachimbiwe na kikundi, na kikundi kilipwe kwa vocha hiyo hiyo. Anayelima shamba la kukodi apewe kwa sharti kwamba mwenye ardhi amwandikie mkataba wa miaka mitano au zaidi.

Na wewe msomaji uliyezaliwa huko, ambaye sasa unajenga Babati, Arusha au Dodoma: kabla ya kumwita fundi wa pevingi, mpigie simu mama yako umuulize maji ya uani kwake yanakwenda wapi. Mvua huanza Novemba. Vocha zikitangazwa Juni, ardhi ikiwa bado na unyevu kidogo wa kuchimbika, mitaro itakuwa tayari mvua zitakapofika.